Manyoya ya Mshale: Jinsi ya Kuyachagua

Muhula uliopita palizuka ubishi katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka likizo na mshale wa Kihadzabe, ambao baba yake aliununua karibu na Ziwa Eyasi. Haukuwa na kigumba, kwa maana mwalimu wa zamu asingekubali uingie bwenini ukiwa na chuma, lakini manyoya yake yalikuwa mazima, yamefungwa kwa ustadi mkubwa. Tukaanza kuulizana: manyoya haya ni ya nini? Mmoja akasema ni pambo tu. Wa pili akasema yanaurusha mshale kama mbawa zinavyomrusha ndege. Mimi nikasema yanauongezea mbio, na kwamba kadiri yanavyozidi kuwa makubwa ndivyo mshale unavyofika mbali. Wote watatu tulikosea, na mimi nilikosea kuliko wenzangu, kwa kuwa ndiye niliyepiga kelele nyingi zaidi.

Mwalimu wetu wa Fizikia alipoupata ubishi huo hakutupa jibu. Alituambia tutengeneze mishale, tuipige, tuone wenyewe. Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza katika jaribio hilo, na katika kusoma kwangu baadaye.

Kabla ya kuendelea, yafaa niseme neno moja. Makala haya si ruhusa ya kwenda porini. Wanyama pori wa nchi yetu wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wala mtu hawezi kuchukua upinde akawinda apendavyo bila kibali. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977. Lakini elimu ya mshale ni elimu ya kweli, tena ni ya wazee wetu, na si vizuri ipotee kwa sababu tu upinde umetundikwa.

Kazi ya manyoya

Tulikata mabua matatu ya matete yaliyonyooka, sawa kwa urefu na kwa unene. Mbele ya kila moja tulitia msumari butu uwe uzito. Upinde ulikuwa wa mti wa mkole. Manyoya tulipewa na wapishi, ya mabawa ya majogoo waliochinjwa siku ya mahafali. Mshale wa kwanza tuliuacha mtupu. Wa pili tuliufunga manyoya matatu nyuma, karibu na mkato unaoshika upote, yaani kamba ya upinde. Wa tatu tuliufunga manyoya matatu mbele, karibu na msumari. Shabaha ilikuwa gunia la nyasi lililoegemezwa kwenye ukingo wa udongo, mwendo wa hatua ishirini, na mwalimu alihakikisha kwamba sote tumesimama nyuma ya mpigaji.

Mshale mtupu ulikwenda ukitikisa mkia kama samaki, ukaligonga gunia kwa ubavu, ukaanguka. Wa pili ulinyooka ukajikita. Wa tatu ulikuwa kichekesho: kabla haujafika nusu ya safari uligeuka hewani, mkia ukatangulia mbele, ukaanguka majanini.

Maelezo yake ni haya. Mshale una uzito zaidi upande wa mbele, kwa sababu ya kigumba. Nyuma ni mwepesi, lakini kwa sababu ya manyoya ni mpana. Mkia unapotaka kwenda kando, upepo huyapiga yale manyoya na kuurudisha mahali pake, kama vile mkia wa tiara unavyoizuia tiara isipinduke. Ukiweka manyoya mbele, upepo huisukuma nyuma ile sehemu ya mbele, na mshale hauna budi kugeuka.

Jambo jingine halionekani kwa macho. Upote unapouachia mshale, husukuma kwa nguvu nyingi kutoka nyuma, na mshale hupinda kidogo. Huondoka upindeni ukijinyonga huku na huku, ukipita kando ya mti wa upinde. Kazi ya kwanza ya manyoya ni kuutuliza mtikisiko huo upesi, ili mshale uwe umenyooka kabla ya kufika kwa mnyama.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Upepo unaounyoosha mshale ndio huo huo unaouvuta nyuma. Tena, mwendo ukizidi mara mbili, mvuto wa upepo huzidi mara nne. Kwa hiyo manyoya ni usukani, na pia ni breki. Hakuna nyoya linaloongeza mbio. Kuchagua manyoya ni kutafuta usukani unaotosha, kwa breki iliyo ndogo iwezekanavyo.

Mishale isiyo na manyoya

Labda msomaji atauliza: je, hakuna watu wanaowinda kwa mishale mitupu? Wapo. Wasani wa jangwa la Kalahari, huko Botswana na Namibia, walitumia tangu zamani mishale midogo ya tete au nyasi ngumu, isiyo na manyoya kabisa. Mbele ya mshale huwekwa kipande cha mfupa au mti mgumu pamoja na kigumba, hata uzito mwingi unakuwa mbele. Mwindaji hunyemelea mpaka awe karibu sana. Karibu na kigumba hupakwa sumu itokayo katika viwavi vya aina fulani ya mbawakawa. Sumu ndiyo inayoua, si nguvu ya mshale. Mshale ukimpenya mnyama tu, kazi imekwisha. Kilichobaki ni kufuata nyayo.

Wahadzabe wa kwetu hufanya vingine. Upinde wao ni mrefu na una nguvu nyingi, na mshale wao ni mrefu pia, karibu mita moja. Wana mishale ya mti mtupu uliochongwa ncha kwa ajili ya ndege na wanyama wadogo, ina ya vigumba vya chuma, na ina ya vigumba vyenye sumu kwa wanyama wakubwa. Sumu hiyo hutoka katika miti, mmojawapo ukiwa ni ule wa Adenium, unaopandwa siku hizi katika bustani za mjini kwa uzuri wa maua yake. Mshale mrefu, uliopigwa kwa upinde mkali, ukiondoka vibaya hupotea mbali. Ndiyo maana mishale yao hufungwa manyoya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali "Manyoya gani ni bora?" halina jibu peke yake. Hapana budi kuuliza kwanza: upinde gani, kigumba gani, mnyama gani, na umbali gani?

Ukubwa na idadi

Kanuni ya kwanza ni ya kigumba. Kigumba chembamba hakisumbui upepo, na manyoya madogo yanatosha. Kigumba kipana, chenye makali mawili au matatu, nacho ni kama bawa lililowekwa mbele. Mkumbuke mshale wetu wa tatu. Kigumba kipana hutaka kuugeuza mshale vivyo hivyo, na dawa yake ni manyoya makubwa zaidi nyuma. Huko Marekani, ambako watu wengi huwinda ayala kwa upinde wakiwa na leseni, mishale ya vigumba vipana hufungwa mara nyingi manyoya ya urefu wa sentimita 10 hadi 13. Wale wanaopiga shabaha tu uwanjani, kwa ncha nyembamba, hutumia madogo kuliko hayo.

Kanuni ya pili ni ya umbali. Mwindaji wa ndege wanaoruka hupiga juu, na mshale ukikosa unaweza kwenda kuanguka asikokujua, pengine palipo na watu. Kwa hiyo watu huutengenezea manyoya mapana mno, yasiyokatwa. Kwa hatua chache mshale huo huenda vizuri, kisha breki hushika na mshale huanguka karibu. Hapa breki imetafutwa kwa makusudi.

Kwa idadi, manyoya matatu ndiyo desturi ya watu wengi. Nyoya moja huelekezwa nje, mbali na mti wa upinde, ili yale mawili mengine yapite bila kukwaruza sana. Manyoya manne hunyoosha upesi zaidi, tena yakipangwa kwa nafasi sawa mpigaji hana haja ya kutazama lipi liko wapi. Lakini breki nayo huongezeka.

Bawa la kulia na bawa la kushoto

Hapa nitaungama kosa la pili. Mshale wangu wa kwanza nilioutengeneza peke yangu ulikwenda ovyo, ingawa manyoya yalikuwa nyuma na yamefungwa imara. Mwalimu aliutazama kidogo tu, akaniuliza: "Manyoya haya yametoka bawa lipi?" Sikujua kwamba jambo hilo lina maana.

Chukua nyoya la bawa ulitazame vizuri. Halikunyooka, lina mkunjo wake, na upande mmoja ni laini kuliko wa pili. Nyoya la bawa la kulia hujikunja upande mmoja, la kushoto upande mwingine. Manyoya yote matatu yakiwa ya bawa moja, tena yakiinamishwa kidogo, upepo huuzungusha mshale. Mshale unaozunguka hausumbuliwi sana na kasoro ndogo za mti wake au za kigumba chake, kwa maana kosa linaloelekea kushoto sasa hivi litaelekea kulia punde. Mimi nilichanganya mabawa: nyoya moja lilitaka kuzungusha huku, jingine kule. Bawa la kulia au la kushoto, yote mawili yanafaa. Kosa ni kuyachanganya katika mshale mmoja.

Manyoya au plastiki

Siku hizi mishale mingi ya viwandani ina mapezi ya plastiki. Plastiki hailoi maji. Manyoya yakinyeshewa hulala na kushikana, na usukani hupungua. Basi, mtu atasema plastiki imeshinda. Sivyo.

Nyoya ni jepesi ajabu. Manyoya matatu ya mshale mmoja hayafiki hata gramu moja. Plastiki ya ukubwa ule ule huwa na uzito mara mbili au zaidi, na uzito wa nyuma ndio usiotakiwa. Pili, nyoya likigusa mti wa upinde hulala, likapita, likasimama tena. Plastiki ngumu ikigusa huusukuma mshale kando. Upinde wa mti, ambao mshale hupita juu ya mkono au ubavuni mwa upinde, unataka manyoya. Plastiki inafaa kwa upinde wa kisasa wa magurudumu, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen aliuombea hataza mwaka 1966. Huo huwa na kishikio maalumu, na mshale hauna haja ya kugusa kitu. Kila chombo na mwenzake.

Sauti ya mshale

Manyoya mapana huvuma yakipita hewani. Je, mnyama husikia? Tufanye hesabu, maana hesabu yake ni ya Kidato cha Pili. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mshale wa upinde wa mti, tuseme, huenda mita 50 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 30, mshale huchukua sekunde 0.6 kumfikia, lakini mlio wa upote humfikia kwa sekunde 0.09. Anabaki na nusu sekunde ya kushtuka, na swala hahitaji zaidi ya hapo. Hushtuka akajikunja ili aruke, na mshale uliolenga moyo ukapiga mgongo au tumbo. Akiwa mita 10, mshale hufika kwa sekunde 0.2, na sauti kwa sekunde 0.03. Nafasi yake ya kushtuka ni ndogo sana.

Hata mshale wa upinde wa kisasa uendao mita 90 kwa sekunde hauwezi kuishinda sauti. Kwa hiyo kuna jambo ambalo nyoya haliwezi kumfanyia mwindaji: haliwezi kumsogeza karibu. Hilo ni la miguu yake na subira yake. Katika kiangazi Wahadzabe huvizia usiku karibu na maji, mnyama aje mwenyewe. Mwenda pole hajikwai.

Kufunga manyoya

Nyoya linalofaa ni lile refu na gumu la bawa, si lile laini la kifuani. Lipasuliwe katikati ya uti wake kwa kisu kikali, kisha uti ukwanguliwe mpaka uwe bapa na mwembamba. Shina la nyoya, yaani upande uliokuwa mwilini mwa ndege, lielekee kwenye kigumba. Ukipitisha kidole kutoka kigumba kwenda nyuma, nyoya liteleze kama unavyompapasa paka. Likikwaruza, umelifunga kinyume.

Acha nafasi ya kutosha nyuma kwa vidole vinavyovuta upote. Wahadzabe hufunga kwa ukano wa mnyama, uliotafunwa mpaka ukalainika. Ukikauka hubana kuliko uzi. Sisi tulitumia uzi wa kushonea na gundi ya mbao. Ncha ya mbele ya nyoya izungushiwe vizuri, hata isisikike kidoleni. Mshale wangu mmoja ulikuwa na ncha iliyosimama, nao ulipoondoka ulinichana mkono wa kushoto. Kovu lake dogo linanikumbusha somo hili kuliko daftari langu.

Ndege gani?

Mwisho nizungumze juu ya ndege mwenyewe. Watu wametumia ndege wakubwa wa kwao. Waingereza wa zamani walitumia bata bukini, na mwaka 1417 mfalme wao Henry wa Tano aliamuru kila bata bukini anyofolewe manyoya sita kwa ajili ya mishale ya vita. Wamarekani hutumia bata mzinga. Wahadzabe hutumia manyoya ya kanga, na ya ndege wakubwa kama tumbusi.

Tumbusi zamani walikuwa wengi, na nyoya lake lililoangukia penye mzoga lilikuwa mali ya aliyeliokota. Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu kubwa ni sumu inayotiwa katika mizoga. Si Wahadzabe wachache wa Eyasi waliowamaliza. Lakini ikiwa kila mchonga mishale ya kuwauzia wageni atataka nyoya la tumbusi kwa sababu linapendeza, tutakuwa tumeongeza mzigo juu ya mzigo. Wamarekani nao walilifikia jambo hili. Sheria yao ya mwaka 1918 ililinda ndege wanaohama, na ile ya mwaka 1940 ililinda tai wao mwenye kichwa cheupe. Wawindaji hawakuacha upinde. Waligeukia bata mzinga wa kufugwa, na mishale yao haikupungua kitu.

Nasi tunaye jogoo, tunaye bata mzinga wa kufugwa, na kanga wa kufugwa. Katika jaribio letu manyoya ya jogoo kutoka jikoni yaliunyoosha mshale bila taabu.

Basi, nifupishe. Manyoya huunyoosha mshale na kuupunguza mbio. Kigumba kipana chataka manyoya makubwa, chembamba madogo. Tumia bawa moja kwa mshale mmoja. Upinde wa mti utie manyoya. Upinde wa magurudumu unaweza kutia plastiki. Usitegemee nyoya likufanyie kazi ya kunyemelea. Na nyoya lenyewe litoke kwa ndege asiyepungukiwa.

Ninaposoma habari za wawindaji wazuri, wa Eyasi au wa kwingineko, naona kwamba wote huogopa jambo moja: mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia mbali kwa maumivu, asimfae mtu. Muda wote wanaokaa wakikwangua nyoya na kutafuna ukano ni kwa ajili ya kulikwepa jambo hilo. Mwenzetu wa bwenini bado ana mshale wake ukutani. Siku hizi hakuna anayesema kwamba manyoya yale ni pambo.